Gari halichaji batri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye magari wa Goma

Batri ikifa asubuhi, ushauri wa kwanza utakaousikia mtaani ni kununua nyingine. Mara nyingi hiyo mpya nayo inalala baada ya wiki chache, kwa sababu kilichoua ya kwanza bado kimo ndani ya gari. Majibu haya ni ya mwenye gari anayetaka kupima mwenyewe nyumbani kabla ya kutoa pesa. Tumeyaandika tukifikiria zaidi Toyota zilizotumika zinazotoka Japani (Vitz, Ist, Probox, RAV4, Noah), ila vipimo vya volti ni vilevile kwa karibu kila gari la volti 12.

Nahitaji vifaa gani?

Multimeta ya dijiti ya bei ndogo inatosha, mradi ina volti za DC na AC, ohm, alama ya diodi, na tundu la ampea 10. Ongeza spana namba 10, 12 na 14, brashi ya waya, msasa laini, tochi, glavu na miwani. Vua pete na saa. Spana ikigusa pole ya chanya na bodi kwa pamoja, inakuwa nyekundu kwa sekunde moja, na pete iliyo kidoleni nayo vilevile. Kila unapofungua batri, anza na hasi. Unapoifunga, hasi iwe ya mwisho.

Nitajuaje kama ubaya ni wa batri au wa altenateri?

Altenateri ni mashine inayozungushwa na moteri (injini) kwa mkanda ili kutoa umeme wa kujaza batri. Utajua kwa vipimo vitatu. Weka multimeta kwenye DC 20 V, ncha nyekundu kwenye pole ya chanya ya batri, nyeusi kwenye hasi. Gusa risasi ya pole yenyewe, si kosi (kibano cha waya) iliyoifunga.

Cha kwanza ni asubuhi, gari likiwa limelala bila kuguswa. Batri iliyojaa inaonyesha 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 ina karibu robo tatu, 12.2 ni nusu, na chini ya 12.0 imekwisha. Kama gari limezimwa sasa hivi, namba itakudanganya kwa kuwa juu. Washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri dakika chache, kisha pima.

Cha pili, washa moteri na uiache ralanti, yaani izunguke polepole bila kukanyaga gesi. Namba ipande mpaka kati ya 13.8 na 14.6. Ikibaki 12 na kitu, tena ikiwa inashuka polepole, batri haipokei chochote na gari linakula akiba.

Cha tatu ndicho watu wengi wanakiruka, nacho ndicho kinachoonyesha altenateri iliyochoka. Washa taa kubwa, feni ya ndani kwenye kasi ya mwisho, na kifuta mvuke cha kioo cha nyuma. Mtu akanyage gesi mpaka mizunguko kama 2000. Volti zibaki juu ya 13.5. Kuna altenateri inayotoa 14.2 bila mzigo na kuanguka hadi 12.6 taa zikiwaka. Hiyo inakupitisha mchana na kukuacha njiani usiku.

Namba zote tatu zikiwa nzuri na bado gari haliwaki asubuhi, pima wakati wa kupiga demarere (starta). Batri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6, imechakaa ndani. Hapo kununua nyingine kuna sababu.

Angalizo moja: magari mengine, zikiwemo Honda nyingi, yana kompyuta inayoshusha chaji hadi volti 12 na kitu wakati batri imejaa na hakuna mzigo. Usiihukumu altenateri kabla ya kuwasha taa kubwa.

Fundi alitoa kosi ya batri moteri ikizunguka. Gari halikuzima, akasema altenateri ni nzima. Ni kipimo cha kweli?

Hapana, na tafadhali usikubali kifanyiwe gari lako tena. Desturi hii ni ya zamani, ya magari yasiyokuwa na kompyuta. Batri ndiyo inayotuliza mawimbi ya umeme wa altenateri. Ukiitoa ghafla wakati altenateri inasukuma ampea nyingi, regilateri (kidhibiti cha volti cha altenateri) haiwahi kupunguza, na volti zinaruka kwa muda mfupi sana hadi 40 au zaidi. Muda huo unatosha kuua diodi (vipande vya altenateri vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), redio, au kompyuta ya moteri, ambayo bei yake inapita ya altenateri mara nyingi.

Tena hakipimi unachotaka kujua. Altenateri yenye diodi moja iliyoungua inaweza kabisa kuendesha moteri kwenye ralanti, na bado ikashindwa kujaza batri usiku. Fundi akinyoosha mkono kwenye kosi, mpe multimeta.

Taa ndogo ya batri kwenye dashibodi inasema nini?

Ukiweka kontakti (ufunguo kwenye ON) bila kuwasha moteri, lazima iwake. Isipowaka, usifurahi: balbu imeungua, fizibu (fyuzi) imekatika, plagi ya altenateri imechomoka, au sharbo (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ya altenateri) zimekwisha. Baada ya moteri kuwaka inapaswa kuzima kabisa. Ikiwaka hafifu muda wote, shuku diodi au kosi iliyolegea. Ikimetameta kwenye ralanti na kutulia ukikanyaga, angalia mkanda na sharbo.

Taa ya batri ikiwaka pamoja na joto la moteri kupanda, simama palepale. Kwenye moteri nyingi mkanda mmoja unazungusha altenateri na pampu ya maji, na ukikatika unapoteza vyote viwili.

Altenateri haitoi. Niikague vipi kabla ya kuishusha?

Anza na mkanda, moteri ikiwa imezimwa. Ukute hauna nyufa, haujang'aa kama kioo upande wa ndani, na haujalowa mafuta. Kwa mikanda inayokazwa kwa boliti, bonyeza kwa nguvu katikati ya sehemu ndefu: ushuke karibu milimita 10. Ukilegea, utausikia ukipiga kelele asubuhi au unapowasha taa kubwa. Usiukaze ukawa mgumu kama chuma, utaua rulma (beringi) ya altenateri na ya pampu ya maji. Mkanda mpya ukaguliwe tena baada ya siku chache, kwa sababu unanyooka.

Kisha fizibu kubwa. Nyuma ya altenateri kuna nati yenye waya mnene, pole inayoitwa B, mara nyingi chini ya kifuniko cha mpira. Moteri ikiwa imezimwa, pima kati ya nati hiyo na hasi ya batri. Lazima usome volti zilezile za batri. Ukisoma sifuri, fizibu kuu ya altenateri, ile ya ampea 100 au 120 iliyofungwa kwa boliti kwenye sanduku chini ya kapo (boneti), imekatika. Sababu ya kawaida ni kugeuza nyaya wakati wa kuwasha kwa gari jingine. Weka fizibu yenye namba ileile. Kipande cha waya wa shaba badala ya fizibu kimeunguza magari.

Sasa plagi ndogo. Altenateri nyingi za Toyota zina nyaya tatu hapo: S, IG na L (ya taa ya dashibodi). Ichomoe, weka kontakti, pima kila tundu dhidi ya mase (chuma cha gari kilichounganishwa na hasi ya batri). S iwe na umeme wa batri muda wote, IG iwe nao kontakti ikiwekwa. S ikikosa, tafuta fizibu ya ALT-S, kwa kawaida 7.5 A chini ya kapo. IG ikikosa, tafuta kwenye sanduku la fizibu chini ya usukani; kwa Toyota nyingi za zamani imeandikwa GAUGE. Angalia pia ndani ya plagi. Barabara zetu za mawe zinatikisa kila kitu, na pini iliyolegea inaonekana nzima mpaka uivute.

Baada ya hapo pima njia za umeme zenyewe. Washa moteri kwenye mizunguko 2000, taa kubwa na feni zikiwaka. Ncha moja kwenye nati ya B, nyingine kwenye pole ya chanya ya batri: tofauti isizidi volti 0.3. Halafu bodi ya altenateri na pole ya hasi: isizidi 0.2. Ukikuta volti 1 imepotea njiani, altenateri yako ni nzima na ugonjwa uko kwenye waya, kwenye kosi, au kwenye mase iliyoshika kutu kati ya moteri na bodi. Kusugua mase na kuikaza upya hakugharimu chochote, na ni altenateri nyingi mno zimebadilishwa bure kwa sababu yake.

Mkanda, fizibu, plagi na mase vikiwa vizuri, weka kontakti bila kuwasha moteri na usogeze ncha ya bisibisi kwenye rulma ya nyuma ya altenateri. Inapaswa kuvutwa kidogo. Isipovutwa, umeme haufiki kwenye rota (sehemu inayozunguka ndani ya altenateri), na mtuhumiwa wa kwanza ni sharbo.

Naweza kubadilisha sharbo mwenyewe?

Ndiyo, ukiwa mtulivu, na ndiyo kazi inayookoa altenateri nyingi zaidi hapa Goma. Mji umekaa juu ya lava. Mtiririko wa Januari 2002 ulipita katikati yake, na mawe yake yaliyosagwa yamo barabarani hadi leo. Vumbi hilo jeusi ni kali, linaingia kwenye matundu ya hewa ya altenateri na kusaga sharbo pamoja na pete za shaba zinazozigusa.

Fungua hasi ya batri. Legeza boliti ya kukazia mkanda, vua mkanda, chomoa plagi, fungua nati ya B, kisha boliti za kushikilia, mara nyingi namba 12 na 14. Piga picha ya kila waya kabla ya kuutoa. Mezani, fungua kifuniko cha nyuma. Ndani utaona regilateri na kishikio cha sharbo, ambavyo kwenye aina nyingine ni kipande kimoja.

Sharbo mpya inatokeza karibu milimita 10. Kikomo cha Toyota ni milimita 1.5, lakini ukiwa umeshafungua na ukakuta chini ya 5, badilisha, usirudi kufanya kazi hiyo mara mbili. Sharbo ziende bila kukwama, springi izirudishe zenyewe. Pete mbili za rota zisugue kwa msasa laini, namba 400, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu. Zikiwa na mfereji unaonaswa na ukucha, peleka kwa fundi wa tornu (mashine ya kuchonga chuma), au sharbo mpya zitakwisha haraka.

Kabla ya kufunga, pima ohm kati ya pete hizo mbili: rota nzima inasoma kati ya 2 na 4. Kati ya pete na chuma cha rota kusiwe na njia kabisa. Zungusha rota kwa mkono. Rulma inayokwaruza au kuchezacheza ibadilishwe sasa.

Ukinunua sharbo za kuchomelea, risasi isipande juu ya waya laini wa sharbo, maana waya ukigeuka mgumu sharbo haisogei tena.

Volti zinafika 15 na zaidi. Si ndiyo vizuri, batri inajaa upesi?

Hapana. Juu ya 15 maji ya batri yanachemka, unanusa yai bovu, na balbu zinaungua ovyo. Mara nyingi ni regilateri. Lakini kwanza safisha plagi na fizibu ya ALT-S: waya wa S ndio unaoiambia regilateri batri iko wapi, na ukiwa na kutu unaripoti volti pungufu, hivyo altenateri inazidi kusukuma. Usiendeshe hivyo kwa siku nyingi.

Diodi nazipima vipi bila kufungua kitu?

Moteri ikizunguka na taa zikiwaka, geuza multimeta kwenye volti za AC na upime batri. Chini ya 0.1 ni sawa. Ikikaribia 0.5, diodi imekufa. Hakikisha kwanza kwamba multimeta yako inasoma AC kweli: nyingine za bei ndogo huonyesha karibu mara mbili ya volti za DC ukiwa umegeuza ncha moja. Ukipata namba kama 28, badilisha ncha upime tena.

Chaji ni nzuri, lakini gari likilala siku mbili haliwaki.

Kuna kitu kinakula usiku. Kengele ya wizi, redio iliyofungwa juujuu, taa ya buti isiyozimika, au altenateri yenyewe kama diodi inavuja. Gari lililolala linapaswa kula chini ya ampea 0.05. Likila 0.5, hizo ni Ah (ampea-saa) 12 kwa siku. Batri ya Ah 45 inabaki chini ya nusu baada ya siku mbili.

Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango (kapo ibaki wazi). Hamisha ncha nyekundu kwenye tundu la 10 A. Fungua hasi ya batri na uweke multimeta katikati, kati ya pole na kosi. Subiri dakika 30 kompyuta zilale. Katika muda wote huo usiweke kontakti wala usifungue mlango, na usijaribu kuwasha moteri: demarere inavuta zaidi ya ampea 100 na itaunguza multimeta. Namba ikibaki kubwa, toa fizibu mojamoja. Ile inayoiangusha ndiyo yenye mwizi. Fizibu zote zikitolewa bila mabadiliko, chomoa waya wa B wa altenateri, ukiwa umefungua batri kwanza, na urudie kupima.

Kosi zina unga mweupe wa kijani.

Changanya kijiko cha bikarbonati kwenye glasi ya maji, mwaga polepole, acha povu liishe, suuza, kausha, sugua kwa brashi ya waya, funga, kisha paka grisi juu. Mchanganyiko usiingie ndani ya batri.

Jambo jingine la kuangalia: batri ndogo za Kijapani, kama 46B24L, mara nyingi zina pole nyembamba, chanya ikiwa karibu milimita 15, wakati batri za aina ya Ulaya zina 19.5. Ukihama kutoka aina moja kwenda nyingine, kosi italegea hata uikaze vipi. Nunua kosi ya saizi yake. Kipande cha bati kilichokunjwa kinapata joto na kukatika njiani. Herufi ya mwisho, L au R, inaonyesha upande wa pole. Iwe ileile ya batri ya zamani.

Batri imepungua maji. Naweza kuweka ya mvua au ya ziwa?

Weka maji yaliyosafishwa tu, yale ya chupa yanayouzwa kwa batri. Maji ya Ziwa Kivu yamejaa madini. Mvua, ambayo mahali pengine ilikuwa suluhisho la dharura, hapa inapita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo na kushuka na asidi na fluoridi, kisha inaosha majivu ya paa. Jaza mpaka sahani zifunikwe kwa karibu milimita 10. Usiongeze asidi, kinachopungua ni maji.

Umeme unakatika kila mara. Nichaji vipi batri iliyokwisha kabisa?

Usiiachie altenateri kazi hiyo. Batri tupu inaivuta kwa nguvu zote kwa muda mrefu, inapata joto, na diodi zinaungua. Tumia chaja kwa ampea moja ya kumi ya Ah: batri ya Ah 60 ichajiwe kwa ampea 6, saa 10 hadi 12. Umeme ukikatika katikati hakuna hasara, endelea ukirudi. Paneli ya jua ya wati 50 nayo inafanya kazi, ikipitia regilateri ya jua. Katika siku ya jua zuri tegemea karibu Ah 12, kwa hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Chajia nje au mlango ukiwa wazi, mbali na makala (makaa) na sigara, kwa sababu gesi inayotoka inalipuka.

Usiku naitoa kwenye gari iwashe taa na televisheni. Kuna ubaya?

Upo. Batri ya gari imeundwa kutoa ampea nyingi kwa sekunde chache na kujazwa tena mara moja. Kila ukiishusha mpaka televisheni izime, sahani zake zinapoteza uwezo ambao haurudi, na wiki chache za hivyo zinatosha kuimaliza. Nyumba itafutie batri yake ya jua.

Taa imewaka nikitoka Sake. Nitafika?

Kutoka Sake hadi Goma ni karibu kilomita 25. Batri nzima ya Ah 45, mchana, inaweza kulisha moteri ya petroli kwa saa moja hivi. Usiku, taa zikiwaka, pungufu ya hapo. Zima redio, feni na simu zinazochaji. Usizime moteri, maana demarere itakula kilichobaki. Dizeli ya zamani yenye pampu isiyo na kompyuta inaenda mbali zaidi, kwa kuwa ikishawaka inahitaji umeme kidogo sana. Ila kama joto linapanda, rudi kwenye jibu la mkanda: simama.

Nyaya za kuwasha kwa gari jingine zinafungwa kwa mpangilio gani?

Chanya ya batri iliyokufa, chanya ya batri nzima, hasi ya batri nzima, na ya mwisho kwenye chuma kitupu cha moteri ya gari lililokufa, mbali na batri. Acha gari zima lizunguke dakika tano kabla ya kujaribu. Kutoa ni kinyume chake. Gusa alama za + na − kwa kidole kabla ya kufunga. Pole zikigeuzwa, diodi na fizibu kuu vinakufa papo hapo.

Wanaosha moteri kwa mashine ya presha. Inaathiri?

Sana. Funika altenateri kwa mfuko wa plastiki, na mwoshaji asielekeze maji huko. Sabuni na matope vikiingia, sharbo hukwama.

Nanunua altenateri iliyotumika. Niikague vipi dukani?

Nenda na ya zamani mkononi. Linganisha matundu ya boliti, idadi ya mifereji ya puli, umbo la plagi, na ampea zilizoandikwa kwenye kibati. Zisipungue za ile ya kwanza. Zungusha puli: isikwaruze wala kucheza. Weka multimeta kwenye alama ya diodi, ncha nyekundu kwenye bodi, nyeusi kwenye B: usome kati ya 0.8 na 1.1. Geuza ncha, isipite chochote. Ikisoma karibu na sifuri pande zote mbili, irudishe mezani. Fungua kifuniko cha nyuma kama muuzaji anaruhusu, uone urefu wa sharbo, na mkubaliane kwa maandishi siku za kuirudisha isipofika 13.8 ukishaifunga.